Mfuko mbadala wa Darajani: safari sita tu

Mfuko ninaouzungumzia ni ule mkubwa wa kijani ulioandikwa "Tunza Mazingira", nilioununua kwa shilingi 1,000 karibu na soko la Darajani. Wengi wetu tunauita mfuko wa kitambaa, lakini si kitambaa. Ukiusogeza karibu na jicho utaona vidoa vidogo vilivyopangwa safu kwa safu: hapo ndipo nyuzi za polipropilini zilipogandishwa kwa moto, na polipropilini ni plastiki, sawa na ile mifuko laini iliyopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006.

Niliamua kuzihesabu safari zake. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti ulioonesha kwamba mfuko wa aina hii hauna budi kutumika mara 11 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto duniani ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja ukatupwa. (Wa pamba ulihitaji mara 131, jambo ambalo wanaowauzia watalii mifuko ya pamba hawalitaji.)

Wangu haukuivuka safari ya sita. Ulibeba muhogo, nazi na unga bila tabu, lakini siku nilipotia kilo mbili za changu na barafu kidogo, mkono mmoja ulibanduka kabla sijafika kwenye daladala, samaki wakatawanyika chini. Nasema ulibanduka, haukukatika, kwa kuwa mikono yake haikushonwa bali imebandikwa kwa moto. Kipande kilichobaki nilikifunikia miche ya pilipili uani, na baada ya miezi michache ya jua kilisagika vidoleni kama jani kavu, chembe zake zikaingia udongoni.

Msweden Sten Gustaf Thulin, aliyebuni mfuko laini wa plastiki ambao kampuni ya Celloplast ilipata hataza yake mwaka 1965, hakukusudia utupwe. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alitembea na mmoja mfukoni, ameukunja, ili autumie tena. Simlaumu kwa nia yake. Ila nia hiyo aliibeba yeye, mfuko haukuibeba, kwani kitu chepesi na rahisi kiasi cha kugaiwa bure madukani humfundisha mtu kukitupa, hata kikiandikwa nini juu yake. Aliyebuni huu wa kijani amelirudia kosa hilohilo huku akijua yaliyotokea, na ndiyo maana lawama yake naiona nzito zaidi.

Kikapu cha ukili cha mama, kilichotoka Pemba, kamba yake hupita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo mzigo haukai kwenye kiungo kimoja. Hata hivyo, maji ya samaki yakishakiingia, harufu haitoki upesi, kwa hiyo sokoni siendi nacho.

Muuzaji, mzee mpole, alipouona mfuko uliobanduka alinipa mwengine bure: "Chukua huu, mwanangu, ipo mingi." Niliupeleka kwa fundi cherehani wa mtaani, akaishona mikono yote miwili kwa mishono ya mraba, kila mmoja na msalaba katikati, kazi ya dakika tano kwa shilingi 500. Leo umetimiza safari ya 14.