Nimefunga mguu wa mbele wa spoti kwenye CB750 ya zamani, na fundi alivyotaka kuniua kwa bomba moja

Nianze na hasira kabisa maana nikianza kwa upole nitajikuta namsifia mtu. Fundi aliyenifungia mguu wa mbele nusura anizike, na siku narudi kwake nasukuma pikipiki jasho linanitoka, neno lake la kwanza lilikuwa "bosi si nilikwambia uende mdogo mdogo?" Pole hakuna. Ata kuinuka kwenye ndoo aliyokalia hakuinuka.

Haya ngoja nirudi nyuma. Nina Honda CB750, zile za miaka ya 70, ukoo ulioanza 1969 ukashangaza watu kwa kutoka kiwandani na breki ya diski mbele wakati pikipiki nyingi bado zilikuwa na dramu. Zamani hiyo ilikuwa sifa, sasa hivi hiyo diski moja ukiikamata kwenye mteremko ni kama umeiandikia barua ya maombi unasubiri majibu. Na shokapu zake ni za milimita 35, nyembamba, ukibana breki kwa nguvu unausikia mguu mzima unajipinda. Basi nikapata mguu kamili wa mbele wa pikipiki ya spoti ya miaka ya 90, shokapu za 41, rimu ya inchi 17, diski mbili, kalipa mbili za kuzibana, tii ya juu na ya chini (vile vipande vinavyoshika shokapu mbili pamoja), kila kitu kiko pamoja. Nikasema hii kazi ya siku mbili.

Siku mbili jamani. Nilikuwa mjinga wa kiwango cha juu.

Kwanza shafti ya usukani ya ile spoti haingii kwenye shingo ya CB (lile tundu la fremu usukani unapozungukia), unene tofauti na urefu tofauti. Na hapa lazima niwe mkweli ata kama naumia, huyu fundi mikono anayo. Alizitoa shafti zote mbili kwenye tii zake kwa presi, akachonga bushi, akaikalisha ile shafti ya zamani kwenye tii mpya ikakaa sawasawa bila kucheza ata kidogo. Gololi za shingo (hizi CB zina gololi zilizomwagwa tu kwenye grisi, ukifungua zinakukimbia chini ya meza) akazitupa, akaweka beringi za koni, akazikaza kwa kipimo kinachotakiwa, yani gurudumu likiwa juu ukiuachia usukani unalala wenyewe upande wowote, haukwami na haugongi. Wengi wanaharibu hapo, wanakaza mpaka usukani unashindwa kujirudisha, pikipiki inatembea kama mlevi anatafuta mlango. Yeye hakuharibu. Ata shokapu zilipoanza kugonga tanki ukikata kona hadi mwisho alichomelea stopa bila mimi kumwambia.

Ndo maana naumia. Angekuwa fundi wa kubahatisha ningejua tangu siku ya kwanza.

Sasa kuna kitu kinaitwa bomba la katikati. Watu wengi hawalioni maishani mwao maana limejificha ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), kati ya beringi ya kushoto na ya kulia. Ni kipande cha chuma tu kama mrija mnene. Lakini ukikaza nati ya ekseli nguvu yote inapita hapo, shokapu inasukuma speisa, speisa inasukuma kikombe cha ndani cha beringi (ile pete ya ndani), kikombe kinasukuma bomba, bomba linasukuma kikombe cha upande wa pili, yote yanakuwa nguzo moja na gurudumu linazunguka juu yake bila kusumbuliwa. Toa hilo bomba, kaza nati, vile vikombe vya ndani vinavutwa kuja katikati, gololi zinabanwa ubavuni ambako hazijatengenezwa kubanwa. Gurudumu linakuwa zito. Ukilegeza nati linazunguka vizuri ila linacheza. Hakuna pa kukaa.

Yeye alibadilisha beringi, nilimpa mpya mwenyewe, akang'oa za zamani na bomba likadondoka. Halikurudi. Na alijua! Maana siku ya kuchukua pikipiki niliona nati ya ekseli imeachiwa, nikataka kuikaza akanishika mkono, "kaka hiyo usikaze sana, hizi beringi mpya bado ngumu, zitalegea zenyewe." Nikaamini. Beringi zilegee zenyewe, we mtu mzima unaamini kitu kama hicho, ila nilikuwa nimeona diski mbili zinang'aa pale mbele akili ikahama.

Siku chache za kwanza nilikuwa mbinguni siwafichi. Vidole viwili tu pikipiki inasimama. Mbele imeshuka, gurudumu peke yake limeshusha kama sentimita mbili na nusu na bado shokapu za spoti ni fupi, basi usukani umekuwa mwepesi, kona ukiiangalia tu umeshaingia. Stendi ya pembeni ikawa ndefu, pikipiki inasimama wima mpaka inataka kuangukia upande wa pili, nikaikata kidogo. Spidomita haifanyi kazi, sijali.

Halafu siku hiyo. Niko kwenye mwendo, barabara nzuri, nikaanza kusikia mbele kunaogelea. Nikadhani upepo. Baadae mlio, kama mtu anasaga mawe mbali. Nikagusa breki. Mkono ukaja mpaka kwenye gripu, mtupu, hakuna kitu ndani. Nikaminya tena, mara ya tatu ndo ikashika. Nilikuja kuelewa baadae kwamba gurudumu likicheza diski inayumba nayo, inazirudisha pedi na pistoni ndani ya kalipa, kwahiyo ukiminya mara ya kwanza unajaza tu ile nafasi. Kwa wakati ule sikuelewa chochote zaidi ya kwamba kuna lori mbele yangu. Nikasimama pembeni miguu inatetemeka, nikaweka mkono kwenye habu nikautoa haraka, ya moto, na grisi inanuka kuungua.

Nikasukuma. Sitasema umbali maana mke wangu anasoma humu.

Sasa kule kwa fundi. Baada ya hiyo salamu yake ya mdogo mdogo tukachomoa ekseli, kikombe cha ndani kimeng'ang'ania kwenye ekseli rangi ya bluu kwa moto, gololi zikamwagika chini. Nikachungulia ndani ya habu, naona mwanga upande wa pili. Hakuna bomba. Nikamuuliza, fundi bomba liko wapi? Akasema "bomba gani, hizi za spoti hazina." Nikamwambia zote zinalo. Akanijibu mbele ya vijana wake, "bosi, we pikipiki ya babu yako umeivalisha viatu vya mtoto wa disko, sasa ikiteleza lawama kwangu?" Vijana wakacheka. Mimi mtu mzima nimesimama pale na grisi mpaka kwenye kope.

Wakati nacheka kinafiki ili nisilie nikasikia nyuma yangu ta ta ta. Nikageuka. Kijana mmoja anagongea beringi kwenye gurudumu la mteja mwingine, juu ya beringi kaweka kipande cha chuma, mrija mnene hivi, umejaa alama za nyundo kichwani.

BOMBA LANGU.

Yani walikuwa wanalitumia kama kifaa cha kazi! Na ata hapo wanakosea, maana linakalia kikombe cha ndani, na beringi inayoingia kwenye habu inatakiwa igongwe kikombe cha nje, ukigonga cha ndani unaziumiza gololi kabla gurudumu halijazunguka ata mara moja. Kwahiyo bomba langu limeniua mimi na linaenda kumuua mwingine. Nilipiga kelele siku hiyo, maneno mengine sikujua kama ninayo.

Fundi akaliangalia lile bomba, akaniangalia mimi, akasema "aah, kumbe ndo hili." Basi. Msamaha ndo huo.

Nilitaka kumpa sifuri na kuwaambia wote mkimbieni. Ila beringi mpya nimefunga mwenyewe nyumbani, bomba nikalisawazisha vichwa kwa tupa huku napima urefu kila saa maana likifupika tu kosa linarudi lilelile, nikakaza nati mpaka mwisho, gurudumu linazunguka halina kelele. Toka hapo natembea nayo na mbele ni tamu, tamu kweli, shafti haijacheza, shingo haijalegea, stopa zipo. Hiyo yote kazi yake. Nikiangalia ile bushi aliyochonga namsamehe. Nikikumbuka lile lori simsamehi. Na mimi pia nilikuwa namharakisha, kila siku simu, fundi vipi, fundi vipi, sijui labda ndo maana, hapana, hapana, mtu aliyeishika nati yangu akanidanganya beringi zitalegea alijua anachofanya.

Nyota moja. Shafti nyota tano. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa hivi gurudumu la nyuma nalo liko kwake, naweka la 17 na mnyororo lazima usogezwe, na hakuna mwingine ninayemjua anayechonga vile. Bomba lake la katikati nimelitoa mwenyewe kabla sijalipeleka, ninalo hapa mfukoni. Nitampa siku ya kufunga, nikiwa nimesimama palepale.