Saplai ya 30V/5A kwa kusaka shoti kwenye simu iliyoingia maji: uzoefu wangu

Ni saplai ya mezani ya kawaida, yaani chombo cha kutoa umeme unaoupima mwenyewe: volti 0 hadi 30, ampea 0 hadi 5, vifundo viwili vya kuzungusha na kitufe cha kuruhusu umeme utoke. Naitumia karibu kila siku kusaka shoti, yaani mahali umeme unapokatiza njia hadi graundi (upande hasi), kwenye bodi za simu zilizoingia maji. Kazi inaiweza, ila usiiunganishe kwenye bodi ya mteja ikiwa vile ilivyotoka kwenye boksi.

Tatizo la kwanza ni nyaya zake, nyembamba mno. Bana koleo nyekundu na nyeusi pamoja, pitisha ampea 3, uone kioo cha saplai: yangu ilisoma kama 0.6V, yaani nyaya peke yake zina omu 0.2. Sasa shoti ya kapasita (kijipande cha kuhifadhi chaji) ikiwa na omu 0.1 na wewe umeweka 1V, theluthi mbili ya umeme inapasha moto nyaya, si kapasita. Nimefunga nyaya nene za silikoni zisizofika nusu mita.

La pili ndilo linaloua simu. Ukiiwasha kwa swichi kuu huku koleo ziko kwenye bodi, volti huruka juu kwa kufumba na kufumbua kabla ya kutulia. Washa kwanza, pima kwa mita, zima kitufe cha kutoa, bana koleo, ndipo ubonyeze tena. Ukigusisha koleo zikiwa na umeme, kapasita ya ndani ya saplai humwaga chaji yote kabla kikomo cha ampea hakijashtuka.

Betri iwe imetolewa, kinga za bati zimebanduliwa, na bodi imesuguliwa kwa mswaki na alkoholi ya isopropili 99% hadi ukijani wa kutu uishe. Shoti nyingi za maji ya chumvi huishia hapo hapo kwenye mswaki. Ikibaki, weka mita kwenye alama ya diodi, nyekundu kwenye graundi, nyeusi kwenye kapasita ya laini kuu, njia ya umeme unaotoka kwenye betri. Laini isiyo na shoti husoma kama 0.3 au 0.4, yenye shoti husoma 0.000 au karibu na hapo. Mlio wa mita usikudanganye: laini za prosesa kwa kawaida zina omu chache tu, mita italia na bodi ni nzima. Kuna prosesa nyingi zimeng'olewa bure kwa sababu ya mlio huo.

Laini kuu naanza na 1V, kikomo ampea 2, napanda taratibu. Kamwe sizidishi volti ya laini yenyewe: ya 1.8V haipewi 3, na ya prosesa haifiki hata 1. Sababu ni kwamba shoti ikiungua na kukatika, volti yote uliyoweka inatua ghafla kwenye aisii (chipu) zilizobaki. Kabla ya hapo fukiza bodi kwa moshi wa rozini, ule utomvu mkavu wa rangi ya asali, hadi ifunikwe na utando mweupe kama unga. Fungua dirisha, moshi huo unakaba kifua. Ukibonyeza, kitone cheusi hujitokeza pale utando unapoyeyuka kwanza. Hapo ndipo penye kapasita yako. Itoe kwa bloa ya hewa moto, pima upya. Ikiwa ni moja ya nyingi zilizo sambamba, simu itawaka bila hiyo, ingawa mimi huirudisha kutoka bodi mbovu. Aisii nzima ikiyeyusha utando, jiandae kuibadilisha.

Udhaifu usiotibika ni kioo cha saplai: hatua yake ndogo kabisa ni 0.01A. Mvujo wa miliampea 8 unakula zaidi ya 190mAh kwa siku, na kioo kinacheza kati ya 0.00 na 0.01 tu. Kwa simu inayoshusha chaji ikiwa imezimwa, naunganisha mita kwenye miliampea kati ya saplai na bodi, saplai ikiwa 4V, na sibonyezi kitufe cha kuwasha simu.