Mtoto wa miaka 9 hadi 12 asiyependa kusoma: kitabu gani cha Kiswahili ununue kwanza

Mtoto wa darasa la tano anaweza kukusomea ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama, na asijue amesoma nini. Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo aliyezishika silabi atatamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea dukani. Wanamsikia akitiririka, wanamchukulia kitabu kinene, na kitabu kinaishia kabatini kikiwa kimekunjwa ukurasa wa 9.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati. Mwache mtoto asome ukurasa mmoja kimyakimya, akikunja kidole kwa kila neno asiloweza kueleza maana yake; kulitamka hakuhesabiki. Vidole 1 hadi 3, chukua. Vikifika 4, kichukue kama tu mtasoma pamoja. Vikifika 5, kirudishe. Asipokunja hata kimoja, usikione kitabu kuwa cha kitoto mno, maana aliyekwisha kukata tamaa anahitaji kwanza kuonja kumaliza. Halafu mwambie akusimulie kilichotokea. Akirudia sentensi za kitabu zilezile badala ya kutumia maneno yake, hajaelewa.

Aina zifuatazo tumezipanga kwa kipimo kimoja: uwezekano wa mtoto kufika mwisho.

Nafasi ya kwanza ni mikusanyo ya visa vifupi vya kuchekesha, hasa vya Abunuwasi. Kisa kimoja kwa kawaida ni kurasa chache tu, kina mwanzo na mwisho wake, na mtoto akikifunga kitabu baada ya dakika 10 ameshamaliza kitu. Tena Abunuwasi huwashinda wafalme na matajiri kwa akili, jambo linalomfurahisha sana mtoto anayeagizwa huku na kule kutwa nzima. Angalia toleo tu. Mengine yamebeba Kiswahili cha zamani, na jaribio la vidole litakuonyesha mara moja. Hadithi za sungura na fisi zenye picha kubwa waachie wadogo zake. Mtoto wa miaka 11 akionekana nazo shuleni atachekwa, na hatazigusa tena.

Ya pili ni hadithi moja ndefu iliyokatwa katika sura fupi: kurasa 48 hadi 80, kila sura kurasa 4 hadi 6, na mhusika mkuu aliyemzidi msomaji mwaka mmoja au miwili. Watoto hupenda kuchungulia umri unaokuja, si ule waliouacha. Soma kurasa 3 za mwanzo. Kama bado zinaeleza kijiji, ukoo na hali ya hewa, na hakuna kilichopotea, kuibwa wala kufichwa, kiache. Jihadhari pia na riwaya pendwa za watu wazima. Ni nyembamba, zina jalada la rangi, na mara nyingine hupangwa rafu moja na vitabu vya watoto. Fungua sehemu tatu tofauti, pamoja na kurasa za mwisho, uone mapenzi na damu vimeandikwaje.

Ya tatu, vitabu vya maarifa: mpira, wanyama, anga, magari. Anayesema hapendi kusoma pengine hapendi hadithi tu. Kitabu cha namna hii hakimlazimu kuanza ukurasa wa 1, anaingia popote penye picha. Udhaifu wake ni tafsiri ngumu. Soma aya moja kwa sauti. Ukilazimika wewe mwenyewe kuirudia, mtoto hataiweza.

Katuni ni ya nne, na tunasikitika kuiweka hapo. Ingekuwa ya kwanza kama vitabu vya katuni vya Kiswahili kwa umri huu vingepatikana kwa urahisi. Ukikipata kizuri, kinunue bila kusita.

Mwisho kabisa ni kitabu cha ziada chenye maswali kila baada ya sura. Kinamfaa mwalimu. Kwa mtoto huyu ni mtihani uliovaa jalada la hadithi. Ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au ya KICD (taasisi ya kukuza mitaala) kwa Kenya, inakuhakikishia kwamba kitabu kinaendana na mtaala, haikuahidi kwamba mtoto atakipenda. Darasa lililoandikwa juu ya jalada nalo shusha moja au mawili.

Ukishachagua, kikague kitabu chenyewe. Herufi ziwe kubwa, mistari isizidi kama 22 kwa ukurasa, na maandishi ya upande wa pili yasionekane kupitia karatasi. Nakala za wizi utazijua kwa picha zilizofifia na maandishi yaliyopinda. Hesabu kurasa, maana nakala hizo hukosa baadhi, na mtoto akikuta kisa kimekatika hatakirudia. Kilichofungwa kwa gundi kifungue wazi kabisa mbele ya muuzaji. Kikilia na kuachia karatasi, omba kingine.

Nunua vitatu vyembamba vya aina tofauti badala ya kimoja kikubwa, na umwachie yeye achague kutoka katika vitano ulivyokwisha kuvipima. Kama fedha ni haba, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, unazoweza kupakua na kuchapisha. Nyingi ni za watoto wadogo, kwa hiyo anzia madaraja ya juu. Maktaba ya mkoa nayo inakuwezesha kujaribu aina zote kabla ya kutoa pesa.

Na kama anasogeza kitabu karibu na pua, anaruka mistari, au kichwa kinamuuma baada ya kurasa mbili, kampime macho kabla ya kununua chochote.