Uzoefu wangu: kamusi ya Oxford kwa anayeandika menyu za Kiingereza

Kazi yangu ni kuandika menyu na karatasi za mapishi kwa migahawa midogo na nyumba za wageni hapa Bagamoyo. Wageni wakishazunguka Mji Mkongwe na magofu ya Kaole wanakuja kula, na wengine wanaomba mapishi waende nayo kwao. Kiingereza kikiyumba, chakula kinaharibika huko ugenini, na jina linalochafuka ni la mpishi wetu.

Kwanza nilitumia programu moja ya bure ya kusahihisha Kiingereza kwenye simu. Kwa tahajia inafaa. Kwa mambo ya jikoni, hapana. Niliandika “sweat the onions”, yaani vitunguu viwekwe kwenye mafuta kidogo, moto mdogo, sufuria ifunikwe, vilainike bila kugeuka rangi. Ikaipigia mstari. Wakati wapishi wa Kiingereza ndivyo wanavyoandika! Halafu menyu ya mteja ilikuwa na “We cook tea every morning”, na hiyo ikapita bila neno. Sarufi yake haina kasoro, ni kweli, lakini kaskazini mwa Uingereza “tea” ni mlo wa jioni, na anayesema “cook tea” anaupika mlo huo. Chai ya kunywa ni “make tea”. Programu inapima sentensi tu, haijui kilichomo sufuriani.

Nikahamia Oxford Advanced Learner's Dictionary. A. S. Hornby na wenzake waliitunga wakiwa Japani, ikatoka huko 1942, Oxford wakaichapa 1948, na tangu mwanzo ililengwa kwa wanaojifunza lugha. Ndiyo maana kila neno lina mifano, na unaambiwa hili ni la Uingereza au la Marekani. “Sweat” ya jikoni imo.

Iliponisaidia zaidi ni kwenye samaki wa kupaka. Kwa Mwingereza, “grill” ni moto unaotoka juu, ndani ya jiko la umeme au gesi. Mmarekani huo anauita “broil”, na “grill” yake ni moto wa chini kama jiko letu la mkaa. Samaki wetu anachomwa mkaani huku anapakwa tui zito lenye viungo. Basi nikaandika “charcoal-grilled fish in thick coconut sauce”, na hapo wote wawili wanaelewa. Kistari kinakaa kwa sababu maneno hayo yametangulia nomino “fish”. Ukisema “the fish is grilled over charcoal” hakuna kistari.

“Bring to the boil” ni ya Uingereza, “bring to a boil” ya Marekani. Zote sahihi, ila usizichanganye kwenye karatasi moja.

Na jamani, wenye sambusa: “mincemeat” siku hizi ni mchanganyiko wa matunda makavu na viungo, wa kujazia vitobosha vya Krismasi. Nyama ya kusaga andikeni “minced beef”. Nimeiona hiyo “mincemeat” kwenye menyu zaidi ya moja na inaniuma, maana sambusa zenyewe ni nzuri kweli.

Kitabu bei yake si ndogo, lakini kamusi hiyohiyo ipo bure kwenye tovuti ya Oxford, unahitaji bando tu. Naipa nyota tano. Programu nimeibakiza kwa tahajia.