Gari la mkononi Kigoma: fungua rejeta kabla hujafungua pochi

Malalamiko ya wanunuzi wa Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo yanafanana. Gari lilikuwa safi, bodi inang'aa, injini haina kelele. Likazunguka mjini wiki mbili bila shida, kisha likapakia familia kwenda Kasulu, na kabla ya kumaliza milima mvuke ukatoka kwenye boneti. Fundi anasema gasketi (kizibo kati ya silinda hedi na bloku) imeungua na silinda hedi imepinda. Muuzaji hapokei simu.

Kwa hiyo hapa hatutazungumzia rangi, matairi wala siti. Hayo kila mtu anayaona. Tutazungumzia maji ya rejeta, kwa sababu wengi hununua gari bila kufungua kile kifuniko hata mara moja.

Gari likitoka Japani huwa na kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ya pinki au nyekundu kwa Toyota. Kazi yake si kupoza tu. Huzuia kutu, hulinda pampu ya maji, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Likishafika huku, rejeta ikivuja kidogo hujazwa maji ya bomba, na bomba la Kigoma mjini linatoa maji ya Ziwa Tanganyika, yenye madini mengi kuliko ya mvua. Ndani ya injini madini hayo huacha ukoko, kutu huongezeka, na tope la kahawia huziba vijia vyembamba vya rejeta. Kwenye tambarare gari bado litavumilia. Kwenye mlima, gia ya pili, watu watano na mizigo, joto linazidi uwezo wa rejeta iliyoziba nusu. Silinda hedi ya injini za magari haya ni ya aluminiamu. Kwa injini ya 1NZ-FE ya Toyota, kikomo cha kupinda upande wa bloku ni milimita 0.05 tu, na kuchemka mara moja kwaweza kukivuka.

Nenda kwa muuzaji asubuhi, na mwambie mapema asiwashe gari. Ukifika, shika boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha hadi kesho yake, maana injini iliyopashwa moto imeshaficha nusu ya dalili. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Kulanti safi yenye rangi ni dalili njema. Maji matupu yasiyo na rangi yanakuambia kwamba aliyekuwa nalo hakujali. Ya kahawia ni kutu. Utandu wa mafuta juu yake ni dalili ya gasketi iliyoungua. Kisha ingiza kidole ndani ya shingo ya rejeta na ukisugue pembeni, kwa sababu wapo wanaomwaga maji machafu usiku na kujaza kulanti mpya asubuhi. Wanasahau shingo. Kidole kikitoka na tope la kutu, rangi nzuri ya maji haina maana. Chembe ngumu za kahawia au za rangi ya fedha kwenye kifuniko mara nyingi ni dawa ya kuziba uvujaji, nayo huziba rejeta pia.

Kifuniko chenyewe kitazame. Mara nyingi huandikwa 0.9 au 1.1, yaani shinikizo kinalohimili. Mpira wake ukiwa umepasuka, shinikizo halikai, na kwenye urefu wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu na nyuzi 96. Injini yenye afya hufanya kazi jirani kabisa na hapo. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini ukikuta kibovu jua hakuna aliyekuwa akikagua.

Sasa washa, kifuniko kikiwa wazi, na usimame pembeni. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Mapovu yasiyokoma baada ya dakika mbili tatu, au maji kurushwa juu, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye njia ya maji. Ondoka. Kama yametulia, funga kifuniko kabla injini haijapata moto, washa AC na uache gari lingurume dakika 30. Kisha zima AC: feni iwake na kuzima kwa zamu. Ikiwa inazunguka bila kupumzika hata AC ikizimwa, inawezekana imeungwa moja kwa moja, na hiyo ni njia ya kuficha kuchemka. Njia nyingine ni kung'oa themostati, ile valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo paipu ya chini ya rejeta yapaswa kubaki na ubaridi kwa muda, kisha ianze kupata moto. Ikipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, huenda themostati haipo. Kwenye magari yasiyo na mshale wa joto, kama Vitz na Passo, utaona taa ya buluu inachelewa sana kuzima.

Malizia mlimani. Toka stesheni ya reli, panda Mwanga, endelea Mwandiga na uguse milima ya mbele, AC ikiwa imewashwa. Fundi mwenye kifaa cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, akichomeke na asome joto la injini: nyuzi 82 hadi 95 ni sawa, ikipita 105 rudisha funguo. Kwa gari la otomatiki vuta pia kijiti cha oili ya gia. Kwa kawaida oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, na ikionekana kama maziwa ya pinki maji yameshaingia kwenye gia boksi.

Chaguo langu la kwanza kwa Kigoma ni Toyota Probox au ndugu yake Succeed, la 2002 hadi katikati ya 2014, lenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Gia boksi ni ya otomatiki ya hatua nne au ya mkono, si CVT (otomatiki isiyo na hatua) iliyoletwa na toleo lililofuata. Injini inatumia cheni badala ya mkanda, oili ni lita 3.7 pamoja na filta, mfumo wa maji unachukua karibu lita 5, na rejeta yake ni rahisi kufikia na kubadilisha. Sifichi upendeleo: kwa barabara zetu silioni linalolizidi. Epuka tu lililokuwa mchomoko, yaani lililobeba abiria. Utalijua kwa springi za nyuma zilizolala, vitasa vilivyolegea na matundu ya siti za kuongezea.

La pili ni Toyota IST ya 2002 hadi 2007. Chukua yenye namba ya modeli NCP61, ya lita 1.5, injini ileile. NCP60 ya 1.3 hutoka jasho mlimani. Iko chini kidogo, kwa hiyo kagua sahani ya chini ya injini na ncha ya chini ya rejeta.

Noah ya AZR60 na RAV4 yenye injini ya 1AZ-FSE naziweka nyuma, ingawa ni Toyota na familia nyingi zinazipenda. Ikichemka, nyuzi za boliti za hedi kwenye bloku ya aluminiamu hung'oka, kulanti inavuja nyuma ya injini mahali usipopaona, na gasketi mpya peke yake haitasaidia mpaka nyuzi za chuma ziwekwe upya. Mulika tochi nyuma ya injini utafute michirizi ya pinki iliyokauka. Subaru Forester yenye injini ya EJ20 ina hedi mbili na sifa ya gasketi kuvuja. Kwa Kigoma, mbali na vipuri, siishauri.

Passo na Vitz za lita 1.0 ni za mjini, Mwanga na Ujiji. Kasulu zikiwa zimejaa, hapana.

Bei ndiyo inayoumiza. Gari lilelile likifika Kigoma linapandishwa kwa hoja ya usafiri. Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zaidi ya 1,200. Probox inayokwenda kilomita 12 kwa lita inamaliza kama lita 100 za petroli. Ongeza posho ya dereva na siku mbili za njiani. Piga hesabu hiyo mbele ya muuzaji, umuulize kilichobaki ni cha nini. Mara nyingi ni cha juu cha madalali wawili au watatu ambao hawajawahi kufungua boneti. Kama ni hivyo, dai wapunguze gharama ya rejeta, themostati, kifuniko na lita 5 za kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya kujazia betri, si asidi, na yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa senti.