Vinoo vya Asili vya Japani: Achana na Muhuri, Tazama Tope

Haya wadau, karibuni tena mezani. Leo nina vinoo vinne vya asili kutoka milima ya Kyoto, nina yanagiba, kisu kirefu cha Kijapani cha kukatia samaki mbichi, cha shirogami, yaani chuma cha kaboni, nina bakuli la maji. Na kabla sijalowesha chochote kuna jambo linanikera, lazima nilitoe kwanza.

Wauzaji wanaandika "jiwe la asili, namba 10,000". Namba ya wapi? Namba ni mambo ya kiwandani. Kiwanda kinachambua chembe kwa ukubwa, kinazigandisha pamoja, ndipo unapata jiwe la 1000 au la 6000, namba ikipanda chembe ni ndogo zaidi. Hili la mlimani nani alilichambua? Haya mawe yalikuwa tope la chini kabisa ya bahari, takribani miaka milioni 250 iliyopita, maganda ya silika ya viumbe vidogo mno wanaoitwa radiolaria, yakajilundika, yakagandamizwa mpaka yakawa mwamba. Vipande viwili vya shimo moja vinaweza kupishana kabisa tabia. Kwa hiyo anayekupa namba anakadiria tu, na wewe unalipia makadirio yake. Mwulize mambo mengine: lina ugumu gani, linakula chuma kwa kasi gani, tope lake likoje. Akishindwa kujibu hayo, nenda kwa mwingine.

Mawe ya kuanzia na ya kati nayaruka, mnayajua. Kwa kazi hiyo natumia la kiwandani, la kampuni ya Shapton, namba 1000, na sioni sababu ya kubadili. Linakwenda haraka, bei yake inaeleweka, na ukinunua jingine litakuwa sawa na la kwanza. Pesa ya jiwe la asili iweke kwenye umaliziaji. Hapo ndipo linapofanya kitu ambacho la kiwandani linahangaika kukifikia.

Sogea na kamera hapa, karibu kabisa. Hili ni la mgodi wa Ohira, kutoka tabaka linaloitwa suita. Mnaona haya matundu madogo kama yametobolewa na sindano? Hayo ni kawaida ya suita. Nadondosha maji kidogo. Silizamishi kwenye bakuli! Mawe ya kumalizia yanataka maji ya juu tu. Yameanza kunywewa, si kwa pupa, lakini yanaingia. Hiyo inaniambia jiwe ni laini kiasi. Sasa nachukua hiki kipande kidogo, tomonagura, ni jiwe la jamii hii hii, nalisugua juu taratibu. Tope hilo linakuja. Jeupe, zito kidogo, linateleza chini ya kidole bila kukwaruza. Hili tope ndilo linalonoa. Ukilisuuza umetupa nusu ya jiwe lako.

Kisu kimeshatoka kwenye mawe ya kiwandani ya 1000 na 3000. Tazameni huu mteremko wa makali jinsi ulivyo: mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja, na unang'aa wote sawasawa, huwezi kujua chuma laini kinaishia wapi na kigumu kinaanzia wapi. Yanagiba ya namna hii ni vyuma viwili vilivyounganishwa motoni, chuma laini mgongoni, kigumu kwenye makali. Nalaza mteremko wote juu ya jiwe, vidole karibu na makali, nasukuma, narudisha. Sina haraka. Tope linageuka kijivu... sasa jeusi. Huo weusi ni chuma kinachotoka. Naongeza tone moja, basi. Napunguza nguvu ya vidole. Mnasikia? Sauti imebadilika, ule mkwaruzo umeondoka.

Nafuta na kitambaa. Angalieni hapa! Jamani, leteni taa. Chuma laini kimeingia ukungu, hakina mstari wowote, na chini yake ukanda wa chuma kigumu umetulia unang'aa. Mpaka wa vyuma viwili unaonekana wazi kuanzia kisigino cha kisu mpaka ncha. Tope limekwangua chuma laini kwa kina zaidi kuliko kigumu, ndiyo maana taa inarudi tofauti. Mawe mengi ya kiwandani yenye chembe laini yananing'arishia vyuma vyote viwili pamoja na mpaka unafifia. Mimi kwa huu ukungu nitapanda mlima. Naweza kuutazama tu bila kukata kitu.

Kuna chaneli zinapima jiwe kwa kukata karatasi. Karatasi itakuonyesha makali, haitakuonyesha jiwe. Ukinoa vizuri hata kwenye jiwe la bei rahisi karatasi itakatika.

Sasa la pili. Hili lina muhuri mwekundu mzuri wa mgodi, kila mtu akiliona anapumua kwa nguvu. Nakayama, Ozuku, Shobudani, haya ni majina makubwa kwa kweli, machimbo ya milima ya kaskazini magharibi mwa Kyoto kuelekea mlima Atago, na mengi yameshafungwa, kwa hiyo kinachouzwa ni akiba ya zamani. Lakini muhuri ni wino tu, yeyote anaweza kuugonga. Tazama ninapopitisha kisu. Umesikia hiyo "krrr"? Geuza taa. Mkwaruzo mmoja mrefu katikati ya ukungu wangu wote. Ndani ya jiwe kuna mstari mwembamba mgumu kuliko jiwe lenyewe, Wajapani wanauita hari, na jina la mgodi halikukinga nao. Kuna mistari isiyo na madhara, ni rangi tu, na kuna huu. Utaujua kwa ukucha: pitisha ukucha ukiukata mstari, ukinasa, uwe na shaka. Mstari ukiwa mfupi unaweza kuuchimba kwa ncha kali ya chuma mpaka ushuke chini ya uso wa jiwe, kisha ukaendelea na kazi. Ukiwa umekatiza jiwe zima, hiyo ni kazi ya kila wiki.

Unaponunua kwa picha, omba picha ya ubavu. Jiwe hili ni la matabaka, na matabaka yanatakiwa yalale sambamba na uso unaonolea. Yakiwa yamepinda kwenda juu, kila ukilisawazisha unakutana na tabaka jingine lenye tabia nyingine. Omba pia picha jiwe likiwa linakauka baada ya kuloweshwa. Ufa hubaki na unyevu wakati uso umeshakauka, kwa hiyo utauona kama uzi mweusi. Muuzaji mwaminifu hatasumbuka kwa hilo.

La tatu, Ozuku, rangi ya kijivu cha samawati, asagi. Hili ni gumu hasa. Maji yamekaa juu yanatazamana na mimi. Tomonagura ya kawaida haitatoa kitu hapa, natumia sahani ya almasi, Atoma 1200, kidogo tu. Kwenye mteremko mpana kama huu linasumbua: pasipogusana sawasawa panabaki na alama, na ukungu unakuja mabaka mabaka. Watu wa wembe wanaligombania, na wana haki, kwa sababu wembe unataka jiwe gumu lisilozama. Lakini ngoja, nainua kisu kidogo nigonge ukingo wa makali tu, mara chache... Hmm. Haya makali ni mengine. Pale mwanzo moyo wangu ulikuwa kwa Ohira peke yake, na sasa naona kabisa mteremko nifanye Ohira na makali yenyewe nimalizie hapa. Kwa samaki mbichi, nyama ya tuna inapokatwa kwa mvuto mmoja, nitachagua hivi.

Na yale mabaka yanaondoka. Wapolishaji wa panga za Japani wanachukua mawe kama uchigumori, wanayakata vipande vyembamba mno, wanagandisha karatasi nyuma kwa lakka, kisha wanasugua upanga kwa kidole gumba. Vipande hivyo vya kidole unaweza kuvipata, au ukasaga mwenyewe kipande kidogo. Weka kwenye tope, sugua juu ya baka bila kukandamiza, hivi. Limeyeyuka. Sagia kwenye maji lakini! Vumbi la mawe haya ni silika, ukilivuta kavu linaua mapafu.

La nne ni aoto, hutoka pande za Kameoka, magharibi mwa Kyoto. Rangi ya bahari yenye vumbi. Hili si la urembo, linaacha makali yenye meno madogo, nyanya haitelezi, ngozi ya pilipili hoho haitelezi. Nyie mnaopika nyumbani kwa gyuto, kisu cha mpishi cha Kijapani, ya chuma cha kaboni, simameni hapa hapa. Kwa kweli mngenunua hili kabla ya yote niliyoonyesha.

Mtazamaji ameuliza kuhusu chuma kisichoshika kutu. VG-10, mojawapo ya vyuma hivyo, inakwenda, ila polepole. Vyuma vya poda vyenye vanadiamu nyingi viacheni, chembe zake za kabaidi ni ngumu kuliko silika ya jiwe, tumieni almasi. Mwingine kauliza kinoo cha Arkansas, cha Marekani. Ni jiwe zuri, gumu, lakini halinipi tope, na mimi leo nimewaonyesha kwa nini nalitaka tope. Coticule ya Ubelgiji linatoa tope tamu, lina chembe za ganeti na linakula chuma haraka, ila ukungu huu siupati kwake.

Bei. Jiwe kubwa la Nakayama, rangi moja, halina mstari, linaweza kufika bei ya pikipiki mpya. Usianzie huko. Tafuteni koppa, vile vipande vidogo visivyo na umbo. Ni jiwe lile lile la mlima ule ule, bei imeshuka kwa sababu ya umbo tu. Gundisha kwenye kibao, kisu kidogo kinanoleka vizuri. Ukibakiwa na pesa, paka lakka ubavuni na chini, uache uso wa juu tu, maji yasiingie kwenye matabaka yakalipasua. Na wadau wa Canada na Sweden, msiache jiwe lililolowa gereji wakati wa baridi. Maji yakiganda ndani yake utaokota vipande.

Wa wembe mmeniandikia sana kuhusu nagura za Mikawa, vijiwe vya kutolea tope, aina ya botan kwanza au ya mejiro kwanza. Video hiyo inafuata, mawe yameshafika, naomba mniandikie hapa chini aina ya wembe mnaotumia ili nijue nianze na upi.