Tahadhari: Stata kuukuu za Land Cruiser zinauzwa Gerezani kama mpya

Ndugu wenye magari ya zamani, hasa Toyota Land Cruiser za injini ya petroli ya 2F, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji wa spea wa Gerezani, Kariakoo, anayeuza stata za gia (mota za umeme za kuwashia injini) zilizokwisha kutumika kwa bei ya stata mpya. Duka silitaji, kwa kuwa mbinu yake inaweza kuigwa na duka lolote.

Wengi wetu huziacha stata za awali kwa sababu ni nzito na hula umeme mwingi, ilhali stata ya gia, ambayo mota yake ndogo huzunguka kwa kasi kubwa kisha gia za ndani zikaigeuza kasi hiyo kuwa nguvu, huizungusha injini vizuri hata betri ikiwa imechoka kidogo. Muuzaji huyu analijua hitaji hilo. Huitoa stata katika boksi jipya, huiunga na betri mbele ya mteja, stata ikavuma na pinioni, yaani gia ndogo ya mbele inayoshika injini, ikachomoza, na mteja akalipa. Jaribio hilo halithibitishi lolote, maana stata isiyobeba mzigo huzunguka hata kama kaboni zinazopitisha umeme kwenye mota zimekaribia kwisha na shaba za ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) zimelika; udhaifu hujitokeza inapotakiwa kuizungusha injini yenyewe.

Niliyouziwa mimi ilianza kugonga tu bila kuzungusha muda mfupi baada ya kufungwa. Fundi umeme alionyesha rangi mpya iliyopakwa juu ya skrubu zenye vichwa vilivyokwisha kuharibiwa na bisibisi, na meno ya pinioni yaliyolika upande mmoja. Muuzaji alijibu kwamba vifaa vya umeme havirudishwi, na risiti yake ya mkono ilisema "stata 1" pasipo neno "mpya".

Stata ya mtumba si kitu kibaya, kwani kaboni na shaba hizo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ubaya ni kuipaka rangi na kutoza bei ya mpya. Hatari zaidi ni kwamba huwaambia wenye Land Cruiser za dizeli kuwa stata hiyo "inaingia zote", ilhali baadhi ya gari hizo hutumia volti 24, na stata ya volti 12 ikiungwa huko inaweza kuungua.

Kabla ya kulipa, dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) inayotaja kuwa stata ni mpya na ni ya volti ngapi, kisha mkubaliane kwamba itapimwa ikiwa imefungwa kwenye gari. Kwa mfumo wa volti 12, betri ikiwa na chaji kamili, volti kwenye stata zikishuka chini ya takriban 9.6 injini inapozungushwa, kagua kwanza nyaya na betri. Vikiwa vizima, irudishe stata. Aliyekwisha kuuziwa asiifungue zaidi wala asitupe boksi, kwa kuwa atavihitaji vyote akiwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.